Picha Iliyonolewa Mara Tatu

Benchi lenyewe ni taruma. Ni gogo zito, jeusi kwa mafuta, lililolala chini ya reli miaka mingi likipitiwa na treni za Zambia, na sasa limestaafu pamoja na mzee Dastan, aliyelileta hapa Kabwe ya Mbeya kwa njia ambayo yeye mwenyewe hapendi kuulizwa. Kulia kwake Danieli Jiwe ameigeuza baiskeli kuwa kiwanda: anapiga pedali, jiwe linazunguka, visu vya jiji la Mbeya vinapata makali. Kushoto Kasian Bando ana mwavuli, vocha, makava ya simu na majibu ya maswali yote. Katikati, juu ya jiko la mkaa, birika la Damari linachemka tangu alfajiri, kwa sababu baridi ya Juni katika mji huu haina adabu, inamwingia mtu bila hodi. Ng'ambo ya barabara ni duka la Isakwisa, ambaye kijiwe kizima kinamwita Pikseli, na juu ya mlango kuna kibao alichokiandika kwa mkono wake: PICHA KUBWA. TUNANOA. TUNASEMA UKWELI. Jumamosi hiyo saa tatu asubuhi Pikseli alitoka dukani, akavuka bila kuangalia kushoto wala kulia, bodaboda mbili zikampigia honi na matusi, akaketi kwenye taruma na kusema neno moja.

— Nimekwisha.

— Kabla hujaisha kunywa hii, Damari alimwambia akimtilia kahawa. Ukifa na baridi hii utakauka vibaya.

Kilichommaliza kilikuwa kinaonekana na kila mtu. Ukutani kwa duka lake, kwenye waya, kilining'inia kitambaa cha picha, urefu mita tatu, upana mita mbili, wino wake bado unakauka. Humo alikuwa amesimama Mwinjilisti Zabron, wa usharika mmoja wa Kilutheri huko milimani, ndani ya kanzu yake nyeupe, nyuma yake mashamba ya viazi na anga la Uporoto. Miaka arobaini amezika watu, amefundisha kipaimara, amepiga kengele, na kesho Jumapili waumini wanamuaga kwa picha hiyo. Pikseli alipanda mwenyewe kule juu kumpiga, na kamera yake ya nukta milioni arobaini na tano, ile anayoifunika blanketi kama mtoto mchanga.

— Mbona safi, Kasian alisema akitupa macho ng'ambo. Mzee katoka kama alivyo. Unalia nini?

— Nenda karibu.

— Naiona hapa hapa.

— Nimesema nenda karibu, Kasian! Mbona mbishi?

Kasian alivuka, akafikisha pua kwenye kitambaa, akakaa hapo kama anayenusa mboga. Alirudi taratibu, mikono mfukoni.

— Kaka. Kichwa kina pete.

— Duara.

— Pete, kaka. Nyeupe. Imezunguka kichwa toka sikio mpaka sikio. Mlutheri wa watu umemvika utakatifu!

Damari aliacha kupepea mkaa. Hata jiwe la Danieli lilipunguza mwendo.

— Sasa mimi ni Mkatoliki wa Iringa, Kasian aliendelea, kwetu hiyo picha ingebebwa kwa maandamano na ubani juu. Ila Walutheri sijui mna utaratibu gani.

— Hatuna utaratibu wowote! Pikseli alifoka. Ndo maana nimekwisha.

Na alikuwa na sababu. Kule usharikani nusu ya baraza la wazee walishasema Zabron anajikweza. Waligombana naye juu ya kengele, wakagombana naye juu ya mahali pa kupanda miti, na mmoja alisimama kikaoni akasema mzee huyu akiachwa mwaka mmoja zaidi ataanza kubariki mvua. Watu hao kesho wakimwona mita tatu kwenda juu, kichwani pete nyeupe, miaka arobaini itageuka kichekesho kabla pilau haijapakuliwa.

— Si uchape nyingine? Damari aliuliza.

— Kitambaa kimebaki kipande kimoja. Kinatosha picha hii moja, hakuna cha kujaribia. Nikikosea tena, roli nyingine inatoka Dar wiki ijayo, na pikapu yao inafika hapa saa tano leo. Lazima nijue duara limetoka wapi kabla sijagusa kile kipande. Limetoka wapi?

Hilo lilikuwa kosa lake la pili kwa asubuhi hiyo, kuuliza swali pale kwenye taruma. Mzee Dastan aliweka kikombe chini, akavuta koti, akavuka barabara kwa mwendo wa mkaguzi, akaangalia, akarudi.

— Umande, alisema.

— Umande gani, mzee?

— Ulimpiga saa ngapi?

— Saa moja na nusu asubuhi. Mwanga ndo unakuwa mzuri.

— Basi. Saa moja na nusu kule Uporoto kichwa cha mtu kinafuka moshi. Mimi nimekaa kwenye signali ya reli miaka ishirini na tisa, nimeona makuli wanapakua mizigo alfajiri, vichwa vyote vinafuka kama masufuria. Na mwinjilisti ni mtu wa mawazo mengi, yeye atafuka mara mbili. Ule ni mvuke.

— Mvuke unakuwa mstari, mzee? Umekatwa na wembe?

— Umeganda. Ni baridi.

Mama mmoja alikuja na kisu cha mpini wa mti, akakinyoosha kwa Danieli. Danieli hakumwangalia usoni. Aliangalia kisu.

— Kinakata nini?

— Kabichi.

— Haya, kaa pale. Danieli alikanyaga pedali, cheche zikaruka, na katikati ya cheche akaingia kwenye mazungumzo. Pikseli, we ulisema picha unainoa. Umeinoa mara ngapi?

Pikseli alijikuna shingo. Hakuna aliyemfundisha kazi hii. Alijifunza mwenyewe, kwa video za simu, kwa kuharibu, kwa kukesha na kompyuta aliyoinunua mkononi kwa mtu, na kwa hiyo kila anachokijua anakitetea kama shamba la urithi.

— Mara tatu.

— Tatu!

— Sasa mnashangaa nini? Kamera yenyewe inanoa ikishapiga, imewekwa hivo toka kiwandani. Hiyo moja. Nikaiweka kwenye kompyuta, nikaivuta karibu, karibu, mpaka vitundu vya ngozi vikawa kama mashimo ya fuko, nikanoa mpaka kila unywele wa ndevu ukasimama peke yake. Hiyo mbili. Halafu mashine ya kuchapa nayo ina kisanduku kimeandikwa kunoa, nikakitia tiki. Picha kubwa inataka ukali, jamani. Mita tatu hizi, si paspoti.

— Mi nashauri ya nne, Danieli alisema.

— Ya nne?

— Umenoa upande mmoja tu. Kisu kina pande mbili, gwe. Ukinoa upande mmoja chuma kinajikunja kwa pili, kinaacha ulimi, kautepe keupe kembamba, ukipitisha kidole unakasikia. Huo weupe wa kichwani ni ulimi. Geuza picha unoe na nyuma.

— Nyuma ya picha kuna nini cha kunoa, Danieli?

— We ndo fundi. Mi nakwambia jiwe linavyosema. Na usinione hivi, nimekaa Idodi, wazungu wakipita kwenda Ruaha wanasimama pale na kamera ndefu kama bomba la kumwagilia. Nimewanolea visu vya kambini. Kamera nazijua.

— Ulinoa visu, hukunoa kamera.

— Nilikuwa karibu nazo.

Kasian alikuwa amekwisha kufungua simu. Alipokuwa akisoma, midomo yake ilicheza, na kijiwe kizima kilijua kwamba hapo ndipo hatari inapoanzia.

— Wote mnazingua, alisema. Hii ni akili mnemba. Pikseli, hiyo programu yako ina akili mnemba?

— Ina kitufe. Sikukibonyeza.

— Haisubiri kubonyezwa, kaka! Hiyo imesomeshwa picha zote za dunia. Imeona mamilioni ya wazee wenye kanzu nyeupe, na wote wana pete kichwani, sababu walichorwa hivo makanisani. Sasa inamwona Zabron, mzee, kanzu nyeupe, anga nyuma, inasema, aa, huyu wamesahau kumwekea. Inamwekea. Inakusaidia!

— Mbona haikumwekea na mabawa?

— Mabawa ni ya malaika. Ina akili, nimekwambia.

Mzee Dastan alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyezungukwa na watoto.

— Mwanangu, umekaribia lakini umepita kituo. Kamera za zamani, zile za filamu, zilikuwa na nukta ngapi? Hakuna anayejua. Kidogo. Zilikuwa zinaona nguo na uso basi. Hii ya milioni arobaini na tano inaona ndani. Mimi nasema lile duara lipo. Yule mzee miaka yote analo, ila macho yetu ni madogo.

— Hee! Damari alisema. Mzee, umetoka kwenye umande saa hii hii.

— Umande ulikuwa wa kuanzia.

— Basi ikiwa na milioni mia, Kasian alidakia, itaonyesha na dhambi.

— Ndo maana wakubwa wanapendelea kupigwa picha kwa simu, Danieli alisema.

— Si kweli, wakubwa wananolewa! Kasian alipinga. Hukuona lile bango la kampeni pale njia panda? Mgombea walimnoa mpaka makunyanzi yakaisha, wakanoa mpaka masikio yakapungua, mwisho ikabaki tai. Watu wakaipigia kura tai.

Walicheka wote isipokuwa Pikseli. Kwake hawa watu walikuwa wanacheza juu ya mgongo wa mzee wa watu. Alisimama, akakaa, akasimama tena, kahawa ikamwagika kwenye suruali.

— Sikilizeni! Sikilizeni niwaambie kitu, na mkishasikia mnyamaze! Kunoa picha si kunoa. Mashine haina jiwe, Danieli. Haina roho, mzee Dastan. Inachofanya ni hivi: inatafuta pale cheusi kinapopakana na cheupe. Kichwa cheusi, anga jeupe. Ule upande mweusi inauongezea weusi kidogo, ule upande mweupe inauongezea weupe kidogo, pale pale mpakani. Basi. Ukali wenyewe haukuongezeka hata chembe. Ila jicho linadanganyika, linasema, loo, picha kali hii!

Damari alikuwa anafuta vikombe.

— Kumbe ni uongo, alisema.

— Si uongo!

— Umesema jicho linadanganyika.

— Ni utaalamu!

— Sawa, kaka. Mi nasoma tu kibao chako pale. Mstari wa pili unanoa, wa tatu unasema ukweli. Nilikuwa najiuliza wanaishije nyumba moja.

Pikseli alifuta kahawa kwenye suruali. Alikuwa tayari kugombana na watu watatu na kuwashinda, lakini huyu mmoja alikuwa amemshika mahali pabaya. Maana hapo alipokuwa akieleza kwa hasira, alikuwa amejisikia mwenyewe. Weupe kidogo mpakani, mara moja: jicho linafurahi. Weupe juu ya weupe, mara ya pili: mstari. Mara ya tatu: mtakatifu. Duara halikutoka mbinguni wala Uporoto. Lilitoka kwenye kidole chake, kile cha kubonyeza panya ya kompyuta.

Aliketi.

— Ni mimi, alisema taratibu. Nimenoa juu ya kunoa.

— Hilo tumeshalivuka, Kasian alisema. Sasa tupange. Pikapu ikija, unaikunja picha, unafunga kamba, unampa dereva, mkono wa kwaheri. Wakifungua kesho wako kilomita ngapi huko.

— Na wakiuliza?

— Unasema toleo maalumu.

— Mi nilishaandika pale kwamba nasema ukweli!

— Ukweli unasemwa ukiulizwa, mzee Dastan alisema. Mimi kwenye reli sikuwahi kumpigia dereva simu kumwambia kitu ambacho hajaniuliza, na treni zilifika. Nyingi.

— Na wale wanaomtafutia mzee sababu?

— Huyo mzee miaka arobaini amesimama nao. Atasimama nao na kesho.

Jamaa mmoja mwenye aproni yenye damu alipita akaacha kisu kirefu.

— Kinakata nini? Danieli aliuliza.

— Si unaona? Bucha.

— Nyama au mifupa?

— Nyama.

— Haya. Danieli alikipima kwa kidole, kisha akageukia kijiwe. Mi bado nasema ageuze nyuma.

Pikseli alikuwa anaangalia ng'ambo. Kutoka pale kwenye taruma Zabron alikuwa amesimama vizuri, uso mtulivu, mkono mmoja umeshika fimbo, anga nyuma yake. Duara halikuonekana. Ungeweza kuapa kwamba halipo. Akifunga mdomo wake sasa hivi, saa tano itakuja, pikapu itaondoka, na labda, nani ajuaye, hakuna mtu atakayesogea karibu. Labda. Hilo neno lilimkera kuliko duara lenyewe.

Saa tano haikufika. Pikapu ilifika saa nne na nusu.

Alishuka Yudith, katibu wa kwaya, mama mwembamba mwenye kitenge cha jubilei na sauti ya kuamuru besi na soprano kwa pamoja. Kijiwe kilikuwa kimejiandaa kwa Yudith. Hakikuwa kimejiandaa kwa aliyeshuka nyuma yake: gumbuti zenye udongo mwekundu, koti la mvua, kofia ya sufu, na mkononi mundu uliofungwa kwa gunia. Mwinjilisti Zabron mwenyewe.

— Amekataa kubaki, Yudith alieleza kabla ya salamu. Nimemwambia picha ni ya kukuaga, haifai uione kabla. Anasema anakuja kunoa mundu.

— Nakuja kunoa mundu, mzee alithibitisha.

— Shikamoo mwinjilisti! walisema wote, wakasimama, na taruma kwa mara ya kwanza siku hiyo likawa tupu.

— Marahaba, marahaba. Kaeni. Ndaga, asanteni. Kaeni, kwani mimi ni treni?

Alicheka mwenyewe, akampa Danieli mundu. Danieli aliufungua kwenye gunia kwa mikono miwili.

— Unakata nini, mwinjilisti?

— Majani ya ng'ombe. Kuanzia Jumatatu mimi ni mchungaji wa ng'ombe, huko nimepandishwa cheo.

Danieli alikanyaga pedali. Mzee aliketi kwenye taruma, Damari akamsogezea kahawa, na baada ya kuipuliza mara mbili mzee aliinua macho akaona ng'ambo ya barabara mtu mkubwa mwenye kanzu nyeupe. Alimtazama muda mrefu.

— Yule ni mimi?

— Ni wewe, mwinjilisti, Pikseli alijibu.

— Ni mimi kabisa. Alijiinamia mbele, akakunja macho. Na mvi umeniachia! Maana naona kama weupe kichwani hapo kwa pembeni. Mke wangu aliniambia, wewe nenda, watu wa mjini watakutoa mvi zote, utarudi kwenye picha kama kijana anayeomba kazi. Umeziacha. Ndaga fijo, asante sana, kijana.

Kumbe macho ya mzee, yasiyosoma tena Biblia bila miwani, yalikuwa yameuona ule weupe kutoka mbali, yakaupa jina zuri.

Kasian alitazama mawingu. Mzee Dastan, bila kugeuza shingo, alimkanyaga Pikseli kidole cha mguu, akabaki amekikanyaga. Mlango ulikuwa wazi kabisa: kusema asante, kukunja kitambaa, kufunga kamba. Mvi. Nani atabisha mvi? Mwenye kichwa amekwisha kusema.

Pikseli aliangalia kibao chake. Kutoka hapa mistari yote mitatu ilisomeka.

— Sio mvi, mwinjilisti.

Mzee Dastan alifumba macho kama mtu aliyeona treni mbili kwenye reli moja.

— Sio mvi?

— Ni kosa langu. Mvi zako zimefunikwa na ule weupe. Nimeweka duara jeupe kichwani kwako bila kukusudia. Ukienda karibu utaliona, limekuzunguka lote. Sikuliona kwenye kompyuta, nimeliona kitambaa kilipotoka.

Yudith hakungoja mwisho wa maneno. Alikwisha kuvuka, na sauti yake ilirudi peke yake.

— Hee! Bwana wangu! Mmemtakatifuza! Jamani, mmemtakatifuza mwinjilisti! Mnajua baraza la wazee litasema nini? Mnajua mzee wa mtaa wa chini atasema nini? Atasema si niliwaambia!

— Najua, mama, Pikseli aliitikia. Ndo maana nasema.

— Sasa kesho tunatundika nini?

— Nachapa upya. Kipande ninacho.

— Na ukikosea tena?

— Nitakuja kanisani nisimame mbele niseme aliyekosea ni mimi, si yeye.

Alilisema kwa hasira, kama anavyosema kila kitu, lakini Damari alimtazama tofauti kidogo, na mzee Dastan akaondoa mguu.

Mwinjilisti Zabron hakuinuka kwenda kuona duara. Alikuwa ametulia na kikombe chake, anaangalia jiwe la Danieli na mundu wake unaotoa cheche. Kisha akaangalia picha. Kisha akarudi kwenye jiwe.

— Kijana, nisaidie. Huo weupe umetokana na nini?

— Nimeinoa mno, mwinjilisti.

— Umenoa nini?

— Picha.

— Picha inanolewa?

— Inanolewa. Nimeinoa mara tatu.

Mzee alitikisa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayejifunza jambo geni akiwa tayari mzee.

— Mara tatu, alisema. Ili ikate nini?

Pikseli alimgeukia Kasian. Kasian alifungua simu, akaifunga. Mzee Dastan, mwenye umande, mvuke, na kamera ya kuona roho, aliangalia gumbuti za mgeni kana kwamba jibu limeandikwa pale kwenye udongo. Damari aliinua birika kumwongezea mwinjilisti. Likatoa matone mawili na mlio mkavu.

— Kahawa imeisha, alisema, na hakuna aliyelalamika.

Danieli aliondoa mguu kwenye pedali. Jiwe lilizunguka, likazunguka, likasimama.

— Mimi huwa nauliza kabla, alisema.

— Nyamaza, Danieli.

— Nasema tu. Kila mtu namuuliza.

— Nimesema nyamaza! Pikseli alimgeukia mwinjilisti, na ndipo akamuuliza mteja kitu ambacho hakuwahi kumuuliza mteja yeyote tangu apige msumari wa kile kibao. Mwinjilisti, kesho hii picha inatundikwa wapi?

— Nje, Yudith alijibu kutoka ng'ambo. Juu ya mlango mkubwa.

— Na watu watasimama wapi wakiiangalia?

— Watasimama chini, kwenye kengele. Si ndo uwanja ulipo? Huku mlangoni panakuwa na maua, hapakanyagwi.

— Toka kengele mpaka mlango ni hatua ngapi?

Yudith alifikiri. Alifungua mikono.

— Nani kahesabu?

— Ishirini na sita, mwinjilisti alisema. Kwa gumbuti. Wakati wa masika ishirini na nane, unakwepa dimbwi.

Pikseli alikuwa amepata jibu: picha ikate hatua ishirini na sita. Alivuka barabara, safari hii akaangalia kushoto na kulia, akaweka mgongo kwenye ukuta chini ya kanzu ya yule Zabron wa mita tatu, akaanza kurudi upande wa taruma, hatua moja moja, akihesabu kwa sauti na kugeuka nyuma kila mara kumtazama mzee wa kitambaani kichwani, aone ukali unaonekanaje kwa umbali huo.

— Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

— Na mimi mtu akileta panga, Danieli alikuwa anamweleza mwinjilisti, nauliza, la kuni au la...

— Kumi na tatu, nyamaza, kumi na nne.